Tunajua Kuzika; Kuuguza Je?

Ukitaka kujua Wanyakyusa wanavyozika, vitabu vipo. Godfrey Wilson alichapisha makala juu ya desturi zetu za mazishi mwaka 1939, katika jarida la Bantu Studies. Mkewe, Monica Wilson, akaja na Rituals of Kinship among the Nyakyusa mwaka 1957, na mila za kifo zimechukua sehemu kubwa ya kitabu hicho. Lakini ukitaka kujua tunavyomuuguza mtu ambaye kila mmoja ndani ya nyumba anajua hatapona, utapekua sana. Nimewasoma hawa wawili nikiwa na swali hilo moja. Leo naandika walichonipa na walichoninyima.

Walichonipa si kidogo. Waliishi huku kwetu katika miaka ya 1930, wakajifunza Kinyakyusa, wakakaa misibani. Mazishi wanayoyaeleza yana kelele: wanawake wanalia, wanaume wanacheza na mikuki yao, ng'ombe wanachinjwa. Monica anaingia ndani zaidi. Anasema mila za kifo zina kazi mbili zinazofuatana: kwanza kumtenga marehemu na walio hai, halafu kumrudisha nyumbani akiwa mzimu usio na madhara. Hoja hiyo bado ina nguvu. Yeyote aliyekaa matanga anajua kwamba shughuli ile yote, kuanzia moto wa nje hadi siku ya kutawanyika, ni ya kuwasaidia waliobaki warudi kwenye maisha.

Shida ni kwamba mambo yanaanza kuchangamka mtu akishakata roho. Kabla ya hapo, mgonjwa anaonekana zaidi kama kesi. Katika Good Company, kitabu cha 1951, Monica anaeleza imani ya pumzi ya watu: kwamba manung'uniko ya majirani juu ya mkosaji yanaweza kumletea ubaridi na ugonjwa. Ni maelezo mazuri kabisa. Lakini yanajibu swali la nani kamroga au kamkosea nani. Nani anamgeuza usiku? Nani anafua shuka? Anaumwa wapi, na anasemaje? Hayo hayakupata sura yake.

Siwalaumu kirahisi. Msiba uko uani, kila mtu anauona. Kuuguza kuko chumbani, kunafanywa na wanawake wawili watatu, na hakuna ngoma. Mtafiti huandika kinachoonekana. Hata wasaidizi wao walisahaulika muda mrefu. Karani wao Mnyakyusa, Leonard Mwaisumo, aliyezaliwa mwaka 1910 na kufariki 1938, alipata sura yake mwenyewe mwaka 2013 tu, Rebecca Marsland alipoandika juu yake katika kitabu Inside African Anthropology. Kijana aliyewasaidia wageni kuelewa vifo vya wenzake, naye akaondoka kabla ya kutimiza miaka thelathini.

Sasa tusidhani kosa hili ni la wazungu peke yao. Chukua Orodha ya Steve Reynolds, tamthiliya ya mwaka 2006 ambayo wengi wetu tuliisoma sekondari. Furaha anakufa kwa UKIMWI, anaacha barua, na wanaume wa kijiji wanatetemeka wakidhani majina yao yamo. Ni mchezo wenye akili, unapiga unafiki pale penyewe. Ila angalia unakoweka uzito: barua, mazishi, aibu ya watu wazima. Kitanda cha Furaha kinabaki pembeni. Ua la Faraja, riwaya ya W. E. Mkufya ya mwaka 2004, ilithubutu kukaa na wagonjwa wenyewe kwa muda mrefu zaidi, na ndiyo maana naipa heshima. Lakini kwa jumla, fasihi yetu ikimpata mgonjwa asiyepona inamfanya funzo. Anakufa ili sisi tujirekebishe.

Kwa nini jambo hili linaniuma? Mama yangu mkubwa alikufa kwa saratani ya shingo ya kizazi, upande wa Ipinda, msimu wa kuvuna mpunga. Hospitali moja ilitwambia: "Mrudisheni nyumbani, hakuna la kufanya." Tukapewa panado kwenye kibahasha. Wiki sita zilizofuata hazimo katika kitabu chochote nilichosoma. Maumivu yalimfanya asitake kuguswa, na harufu ya kidonda ilimfanya asitake kuonwa. Wajukuu walikuja hadi mlangoni, wakaishia hapo. Alipofariki, magunia ya mchele yalifika, turubai likafungwa, ng'ombe akapatikana siku hiyohiyo. Hakuna aliyekuwa mbaya. Tulikuwa tunafanya tunachokijua.

Maneno yale, "hakuna la kufanya", ndiyo ninayogombana nayo, maana si kweli. Cicely Saunders alifungua St Christopher's mjini London mwaka 1967 akishikilia wazo kwamba maumivu ya mtu anayekufa ni ya mwili, ya moyo, ya familia na ya roho kwa pamoja, na yote yana la kufanywa. Hospisi ya kwanza Afrika ilianza Harare mwaka 1979. Ya Nairobi ikafuata 1990. Mwaka 1993 Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na huko mofini ya maji, inayotengenezwa kwa unga wa dawa na maji, ikawa kitu cha kumfikia mgonjwa kijijini kwake. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliosomea kazi hiyo kuiandika, wasisubiri daktari. Hapa kwetu kuna Taasisi ya Saratani Ocean Road, kuna kazi ya Selian kule Arusha, kuna Muheza. Ila kutoka Kyela hadi Ocean Road ni zaidi ya kilomita 900, na mgonjwa wa aina hii hapandi basi.

Wengi wakisikia hospisi wanafikiri ni chumba cha kusubiria kifo. Kazi yenyewe inafanyika zaidi nyumbani. Ni mofini kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi, pamoja na dawa ya kulainisha choo kwa sababu mofini inafunga. Ni kusafisha kinywa kilichokauka. Ni kidonda kinachonuka kunyunyiziwa vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa, ili mjukuu aweze kuvuka mlango. Ni kumuuliza mgonjwa anataka kujua nini, na shamba la kakao aachiwe nani, wakati bado anaweza kujibu.

Hata jina tulilopewa linastahili kuchambuliwa. Wizara wanasema "tiba shufaa". Ukilitamka huku, wengi wanasikia shifaa, yaani kupona, wakati huduma hii ni ya mtu ambaye huenda asipone. Shufaa ni uombezi: kusimama mbele ya mwenye nguvu kwa niaba ya mwingine. Ukilielewa, ni neno zuri mno. Lakini neno linalohitaji mhadhara halimfikii mama anayekoroga uji saa tisa usiku. Hospisi nayo inatokana na neno la Kilatini linalomaanisha mgeni na mwenyeji kwa pamoja. Hapo methali yetu inapata kigugumizi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgonjwa huyu ni mgeni wa miezi, na jembe hatalishika tena. Tunamwita nani?

Ndiyo maana nasema pengo hili ni la waandishi pia, si la bajeti ya afya peke yake. Mtu huomba kitu anachokijua kwa jina. Familia isiyowahi kusoma wala kusikia kwamba maumivu ya saratani yanatulizwa haitamuuliza mganga mkuu wa wilaya mofini iko wapi. Itasema ndaga, itabeba panado, itaondoka.

Nataka riwaya inayoanzia chumbani na kukaa humo. Nataka binti mkubwa anayejua kipimo cha dawa kama anavyojua kipimo cha mchele, shangazi anayechoka na kukasirika, mgonjwa anayecheka siku ya Jumanne na kulia Jumatano, ziwa likisikika nyuma ya nyumba. Msiba uje mwishoni, kurasa mbili zinatosha. Huo tunaujua tayari.