Mkono, Mashine na Matini: Fani ya Vijarida vya Riot Grrrl

Ni rahisi kuvisoma vijarida vya wasichana wa Olympia na Washington, D.C., vya mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwa maudhui pekee: ubakaji, mwili, taasubi ya kiume katika muziki wa panki. Makala haya yanadai kwamba hoja yao kuhusu jinsia na teknolojia imo katika fani. Wenyewe waliviita zine. Tukilitohoa neno hilo lilivyo litagongana na kitenzi kuzini, kwa hivyo tunashikilia kijarida. Alison Piepmeier, katika Girl Zines (2009), alituzindua kuhusu karatasi yenyewe. Sisi tunaitazama mashine.

Xerox 914 iliingia sokoni mwaka wa 1959. Tangazo lake moja la televisheni lilimwonyesha msichana mdogo akimtolea babake nakala. Jingine lilimtumia sokwe. Ujumbe hauhitaji mfasiri: anayebonyeza si mwandishi, ni mkono tu. Katika ofisi nyingi mwanamke alirudufu maneno ya mwanamume. Tobi Vail alipoanzisha Jigsaw mwaka wa 1988, na Bikini Kill walipotoa ilani ya Riot Grrrl katika kijarida chao mwaka wa 1991, mkono ule ule ulirudufu maneno yake wenyewe. Baadhi ya waandishi wa mkondo huu walitumia mashine ya mwajiri, tena bila idhini yake.

Hebu tuutazame ukurasa wa kawaida: picha iliyokatwa kutoka jarida la mitindo, taipu iliyofutwafutwa, mwandiko wa kalamu pembezoni, alama za gundi, weusi uliomeza kijivu. Mashine haisahihishi kosa, hulihifadhi. Picha ya urembo ikizungukwa na ushuhuda wa aliyedhulumiwa hupoteza mvuto wake, wala mwandishi hakuikejeli kwa neno lolote. Mhakiki anayedondoa sentensi tu ameiacha nusu ya matini.

Hata hivyo, hatukubali kwamba mashine iliwakomboa wasichana wote. Mwaka wa 1997 Mimi Thi Nguyen alihariri Evolution of a Race Riot, mkusanyiko wa maandishi ya wapanki wasio weupe, waliochoshwa na udada uliochukulia kwamba kila dada ni mweupe. Alijibu kwa zana zile zile za makasi na gundi. Kwa maoni yetu hicho ndicho kijarida kilichokomaa zaidi katika mkondo huu, kwa kuwa kinaihoji jumuiya kwa lugha ya jumuiya hiyo hiyo.

Limebaki swala la hifadhi. Maktaba ya Fales ya Chuo Kikuu cha New York imekusanya nyaraka hizi, na mwaka wa 2013 Lisa Darms alizihariri nyingine kuwa kitabu, The Riot Grrrl Collection. Tunakishukuru. Lakini vijarida vilibadilishanwa kwa posta, na msomaji wa toleo hili mara nyingi alikuwa mwandishi wa jingine. Mnunuzi wa kitabu hana anwani ya kujibia.