Mzigo Usio na Pa Kwenda: Jinsi ICTSI Ilivyokua

Mwaka 2024 PSA ya Singapore ilihudumia makontena zaidi ya milioni 100 katika bandari zake zote, na DP World ya Dubai ikakaribia milioni 90. ICTSI, kampuni ya Manila inayoendesha bandari, mwaka huohuo ilihudumia milioni 13 na ushee. Hesabu zote hizi ni za kontena la futi 20. La futi 40 huhesabiwa mara mbili. Kwa wingi, basi, Wafilipino hawa wako mbali na vinara. Ila fungua daftari la mapato ukaone: dola bilioni 2.74 ziliingia, yaani zaidi ya dola 200 kwa kila kontena, na katika kila dola 100 zilibaki kama 65 kabla ya riba, kodi na uchakavu wa mitambo. Biashara ya kunyanyua masanduku ya chuma haijulikani kwa faida ya namna hiyo.

Siri si kreni, maana kreni anazo kila mtu na wanaoziunda duniani ni wachache. Siri iko katika aina ya mzigo ambao kampuni imeamua kuufuata.

Kontena linaposhuka gatini huwa katika mojawapo ya safari mbili. Ya kwanza ni ya kubadili meli: linashushwa kutoka meli kubwa, linakaa uwanjani siku chache, linapakiwa kwenye meli ndogo, linaendelea na safari. Bandari ya namna hii ni kama stendi kuu ya mabasi, abiria anashuka kubadili gari tu na mji wenyewe haumhusu. Anayeamua kontena lishukie wapi ni kampuni ya meli, na kampuni ya meli haina ndoa na bandari. Singapore ililijua hilo mwaka 2000, Maersk ilipohamishia shughuli zake Tanjung Pelepas, ng'ambo tu ya mlango wa bahari, upande wa Malaysia. Miaka miwili baadaye Evergreen ikafuata. Bandari bora kuliko nyingi duniani ilipoteza wateja wakubwa wawili, si kwa uzembe, bali kwa sababu jirani alitoa bei nafuu na Maersk ikapewa na hisa juu.

Safari ya pili ni ya mzigo wa nchi yenyewe. Kiwanda cha Manila kinachongoja vipuri, au mkulima wa Ecuador anayesafirisha ndizi, hana njia nyingi. Meli ikibadilishwa, mzigo bado utapita lango lilelile. ICTSI ilijenga karibu kila kitu juu ya mzigo wa aina hii, na ukiipitia orodha ya vituo vyake utaona milango ya nchi: Toamasina ya Madagascar, Guayaquil ya Ecuador, Puerto Cortés ya Honduras, Umm Qasr ya Iraq, Matadi ya Kongo.

Mwanzo wake ni Manila. Kampuni iliundwa Desemba 1987, serikali ya Corazon Aquino ilipokuwa ikitafuta mwendeshaji binafsi wa kituo cha makontena cha kimataifa cha mji huo. Mwaka 1988 ikapewa mkataba wa miaka 25, ambao baadaye uliongezwa hadi 2038. Enrique Razon anayeiongoza alizaliwa ndani ya kazi hii. Babu yake, mhamiaji kutoka Hispania, alikuwa mpakuzi wa meli katika bandari hiyohiyo. Mwaka 1992 hisa zikauzwa sokoni, na fedha hizo zikafungua njia ya kutoka nje ya Ufilipino: Buenos Aires, Veracruz, Karachi na kwingineko.

Mwaka 2000 ikafika Dar es Salaam. Wengi wetu tuliizoea TICTS, mwendeshaji wa kituo cha makontena cha bandari hiyo, kama kampuni ya Hutchison ya Hong Kong, lakini waliotia mguu wa kwanza kwenye gati zile walikuwa ICTSI. Hawakukaa. Msukosuko wa fedha wa Asia wa 1997 uliwakuta na madeni makubwa, na mwaka 2001 waliiuzia Hutchison tawi lao la kimataifa, Dar ikiwa ndani ya kapu. TICTS ya Hutchison ikaendesha kituo hicho hadi mwisho wa 2022.

Hapa ndipo penye uamuzi ninaouona mkubwa kuliko yote. Kampuni iliyouza miaka saba au minane ya jasho lake la nje ingeweza kurudi kuwa kampuni ya Manila tu. Badala yake, mwaka uleule wa kuuza, ICTSI ilianza kuendesha Suape, kaskazini-mashariki mwa Brazil, kwa mkataba wa miaka 30. Mwaka 2003 ikachukua Gdynia, Poland. Mwaka 2005 Toamasina, bandari inayobeba sehemu kubwa ya biashara ya nje ya Madagascar. Mwaka 2007 zikaja Batumi ya Georgia na Guayaquil. Wakati huo wakubwa walikuwa wakinunuana wao kwa wao kwa bei ya kupaa. DP World peke yake ilitoa pauni bilioni 3.9 kwa P&O ya Uingereza mwaka 2006, tena baada ya kushindana na PSA. ICTSI haikuingia mnada huo. Ilikwenda moja kwa moja kwa serikali zilizokuwa zinatafuta mwendeshaji, ikaomba bandari za kati ambazo wakubwa waliziona ndogo.

Mkataba wa kuendesha kituo, ukiuvua mapambo ya kisheria, ni mambo matatu: unalipa nini sasa, unalipa nini kila mwaka, na una miaka mingapi. La tatu ndilo linaloamua mengine. Kreni ya gatini hugharimu mamilioni ya dola na hufanya kazi kwa zaidi ya miaka 20. Ukipewa miaka 10 utanunua mitumba au utapandisha tozo ili ulirudishe deni haraka. Ukipewa 34, kama ICTSI ilivyopewa Manzanillo ya Mexico mwaka 2010, unaweza kujenga kwa awamu, kila awamu ikilipiwa na mzigo wa awamu iliyotangulia. Serikali zinazojisifu kwa kubana muda wa mkataba wakati mwingine zinajibana zenyewe.

Jambo jingine ni kwamba kampuni haina meli. APM Terminals ni ya ukoo wa Maersk, na TIL ni ya MSC. Mwenye bandari akiwa pia na meli, kampuni nyingine za meli hujiuliza nani atapewa gati kwanza siku ya foleni. ICTSI huwaambia wote kwamba haina wa kumpendelea.

Lakini mzigo usio na pa kwenda una upande wake mchungu, na Manila iliuonja mwaka 2014. Februari mwaka huo meya Joseph Estrada, rais wa zamani, aliyapiga marufuku malori makubwa barabarani mchana ili kupunguza msongamano mjini. Meli ziliendelea kushusha saa 24, malori yakabaki na saa chache za kutoa. Uwanja ukajaa. Na uwanja wa makontena ukijaa, kazi haipungui kasi kidogo kidogo, inakwama: kontena unalolitaka liko chini ya mengine manne, la kuwekwa pembeni halina pembeni, na kila lori linalohudumiwa linadai minyanyuo mitatu au minne isiyolipiwa na mtu. Marufuku ilifutwa Septemba. Meli nyingi zilikuwa zimeshangoja ghubani, na waagizaji wameshalipia ucheleweshaji. Mwaka uliofuata ikaja miadi ya malori kwa mtandao, dereva akichagua saa yake kabla ya kutoka gereji.

Kipimo changu cha nadharia hii ni pale walipoanguka. Portland, jimbo la Oregon, Marekani, walikodi kituo kwa miaka 25 mwaka 2010. Mwaka 2012 ukazuka mgogoro ambao kwa mtu wa nje unachekesha: nani achomeke na kuchomoa waya za umeme za makontena ya jokofu, mafundi umeme wa bandari au wanachama wa chama cha wapakuzi, ILWU. Kazi zenyewe zilikuwa sawa na ajira mbili. Wapakuzi wakapunguza kasi, meli zikachoka kungoja, na mwaka 2015 Hanjin, iliyokuwa ikileta sehemu kubwa ya mzigo, ikaondoka, Hapag-Lloyd ikafuata. Mwaka 2017 ICTSI ikalipa dola milioni 11.45 ili mkataba uvunjwe. Mwaka 2019 baraza la mahakama liliwapa fidia ya dola milioni 93.6, jaji akaipunguza hadi kama milioni 19, na kesi ikamalizwa kwa maelewano mwaka 2024.

Chama cha wapakuzi kilikuwa na nguvu, sawa. Lakini mgogoro kama ule ungetokea Toamasina, mzigo ungenung'unika na kungoja. Wa Portland ulipakiwa kwenye malori ukaelekea Seattle na Tacoma, mwendo wa saa tatu hivi kwa barabara. La Plata, Argentina, ni hadithi ileile bila mgomo: kituo kipya kilikamilika mwaka 2014 kikakaa miaka bila huduma ya kudumu ya meli, kwa sababu Buenos Aires iko kama kilomita 60 tu na kila wakala wa forodha ana ofisi yake huko. Port Sudan ndiyo isiyoingia katika mkumbo huu. Mzigo wa pale hauna lango jingine la maana, na Januari 2019 kampuni ilisaini, ikatanguliza euro milioni 410. Aprili Omar al-Bashir akaangushwa. Wafanyakazi walikuwa wameshaupinga mkataba tangu mwanzo, nao haukutekelezwa. Serikali iliyofuata ikaanza kurudisha fedha. Mteja asiye na pa kukimbilia hakukingi na mwenye nyumba.

Dar es Salaam, kwa kipimo hiki, ni bandari mbili ndani ya gati moja. Nguo na simu za Kariakoo hazina chaguo. Shaba ya Kolwezi na Zambia inalo: Durban, Beira, Walvis Bay, na sasa reli ya Lobito. Mfanyabiashara wa Kigali anaweza kupiga simu Mombasa asubuhi na mchana mzigo wake ukabadili njia. Kwa hiyo DP World iliyosaini Oktoba 2023, na Adani iliyoingia 2024 na washirika wake kwa kuichukua TICTS yenye mitambo na wafanyakazi wake, kila mmoja ana mkataba wa miaka 30 wenye sehemu ya mzigo iliyofungwa na sehemu yenye miguu. Matadi nako ICTSI imekuwa ikinufaika na watu wa Kinshasa kukosa lango jingine la karibu lililo ndani ya nchi yao, na DP World iliweka jiwe la msingi la bandari ya kina kirefu Banana, kwenye pwani fupi ya Atlantiki ya Kongo, mwaka 2022. Banana ikifunguliwa, bei za Matadi ndizo za kuangaliwa kwanza.

Kubwa kuliko yote waliyoyafukuzia Afrika ni Gati la Pili la Durban. Transnet, kampuni ya serikali ya Afrika Kusini, iliwachagua Julai 2023 kuwa mshirika kwa miaka 25, kwa takriban randi bilioni 11, serikali ikibaki na nusu na hisa moja ya ziada. APM Terminals, walioshindwa, walikwenda mahakamani na hoja ya kihasibu: zabuni ilitaka uwiano fulani kati ya mtaji na mali, na ICTSI ilipiga hesabu ya mtaji kwa bei ya hisa zake sokoni badala ya thamani iliyo vitabuni. Oktoba 2024 mahakama ikasimamisha mpango, Oktoba 2025 ikalitupa shauri. Lengo lililotangazwa ni kupandisha uwezo kutoka makontena milioni 2 hadi milioni 2.8 kwa mwaka. Mzigo wa Johannesburg uko palepale, hauna haraka ya kuhama. Mzigo wa Zambia na wa Katanga, ambao kwa miaka ya foleni za Durban ulipanda kaskazini hadi Dar, ndio utakaopigiwa hesabu upya.