Mishono ilishika, mgonjwa akafa

Saa kumi jioni, tarehe 6 Septemba 1901, Leon Czolgosz alimpiga risasi mbili Rais William McKinley wa Marekani katika maonyesho ya Buffalo. Ya kwanza haikupenya kifua. Ya pili ilitoboa mfuko wa tumbo, ukuta wa mbele na wa nyuma.

Roswell Park, mpasuaji mashuhuri wa mji ule, alikuwa Niagara Falls akimpasua mgonjwa mwingine. Kisu akakishika Matthew Mann, bingwa wa magonjwa ya wanawake. Saa kumi na moja na dakika ishirini alianza kazi katika hospitali ndogo ya maonyesho. Nje, majengo yalipambwa kwa taa za umeme maelfu. Mezani, daktari mmoja alishika kioo ili mwanga wa jua linalozama uangukie kwenye jeraha.

Wengi humcheka Mann kwa fani yake. Mimi simo. Alizingatia kanuni ya risasi ya tumbo: ukiona tundu la mbele, usitulie, tafuta la nyuma. La mbele alilishona kwa uzi wa hariri. Kisha akakata utando ulioshikilia mfuko, akaugeuza, akalikuta la nyuma, kubwa zaidi na lenye kingo zilizochanika. Akalishona nalo, akasafisha kwa maji ya chumvi.

Kilichobaki kilikuwa nyuma zaidi. Huko ndiko liliko kongosho, na likijeruhiwa, majimaji yake ya kusaga chakula huanza kusaga nyama ya mwenyewe. Mann hakufuata njia ya risasi hadi huko: mgonjwa mnene, hali inadhoofika, mwanga unakwisha. Hapo namwelewa. Lakini alifunga tumbo bila kuacha hata mrija mmoja wa kutolea majimaji, na hapo sina la kumtetea.

Tarehe 12 rais alikunywa kahawa na kula tosti. Tarehe 14, saa nane na robo usiku, akafariki. Maiti ilipopasuliwa, mishono ilikuwa imeshika. Nyama iliyoizunguka ndiyo iliyokufa, na kongosho vilevile. Risasi haikuonekana. Thomas Edison alikuwa amepeleka mashine ya eksirei, haikutumika. Pengine isingebadili kitu: ingeonyesha risasi, si kongosho.

Leo mpasuaji hufungua uwazi ulio nyuma ya mfuko, hulitazama kongosho kwa macho yake, na likiwa na jeraha huacha mrija kando yake kabla ya kufunga.