Je, Simba Alitoka Bara Hindi?

Katika mitaa ya Bujumbura isemwayo Kiswahili, na Buyenzi hasa, si ajabu kusikia kwamba lugha hii ni mkusanyo wa maneno ya wageni. Mwanafunzi aliyelelewa kwa Kirundi humjua mnyama yule kwa jina la intare. Kwake yeye, simba hana jamaa nyumbani. Akiambiwa kwamba Kisanskriti kina neno simha, lenye maana ile ile, hudhani shauri limekwisha. Sisi wenyewe tuliwahi kulifundisha jambo hilo darasani, kwa furaha ya mtu aliyeokota dhahabu njiani. Leo twataka kulihakiki.

Yafaa mizani iwe ya Wahindi wenyewe. Wanafalsafa wao wa kale walikuwa na adabu moja katika mabishano: kabla ya mtu kutoa uamuzi wake, sharti aieleze kauli ya mpinzani kwa nguvu zake zote. Kauli hiyo huitwa purvapaksha, na uamuzi unaoifuata huitwa siddhanta. Wengi wetu tuandikao uhakiki wa Kiswahili huanza na uamuzi, kisha tukamleta mpinzani akiwa amekwisha kufungwa mikono.

Basi mpinzani na aseme. Wafanyabiashara wa Bara Hindi wameijia pwani yetu kwa pepo za kaskazi karne nyingi. Maneno gari na pesa ni ushahidi wao. Simba na simha yakaribiana kwa sauti na kulingana kwa maana. Lugha iliyokopa pesa yashindwaje kumkopa simba? Hoja hii si ya kuchekwa.

Wafuasi wa Nyaya, madhehebu ya mantiki ambayo kitabu chake cha msingi hunasibishwa na Gautama, waliigawa hoja katika viungo vitano: dai, sababu, mfano, ulinganisho na hitimisho. Mlimani kuna moto. Kwa sababu kuna moshi. Kila penye moshi pana moto, kama jikoni. Na mlima huu una moshi wa namna hiyo. Kwa hiyo una moto. Uzito wote umekaa katika kiungo cha tatu. Je, twaweza kusema kwamba kila penye mfanano wa sauti na maana pana mkopo? Hatuwezi. Kiajemi kina neno bad, na Kiingereza kina bad, yote mawili yakiwa na maana ya “baya”, wala hayana undugu wowote. Sababu ya namna hii, ipatikanayo hata pale lisipokuwapo lile linalodaiwa, Wananyaya waliiita sababu yenye kupotoka.

Tena moshi wenyewe una shaka. Asubuhi ukungu hupanda juu ya Ziwa Tanganyika, na mgeni aweza kudhani watu wanachoma nyasi. Wamalai walilikopa kweli neno simha, nalo likawa singa. Ndilo lililomo katika jina la Singapore. Sauti b haikuzuka. Na mfanyabiashara wa Kigujarati hakuja na Kisanskriti cha vitabuni kinywani. Lugha yake humwita mnyama huyo sinh.

Lakini kumwangusha mpinzani si kuthibitisha lako. Jamaa za simba wako wapi? Wako kusini. Kizulu kina insimba, na Kishona kina tsimba, na maana yake huko ni kanu, yule mnyama mdogo mwenye madoa anyemeleaye kuku. Insimba ya Kizulu bado ina kile kiambishi cha ngeli ambacho Kiswahili hukidondosha mbele ya s. Neno lililoenea hivyo, likabadilika sauti kwa kanuni za kila lugha na kuhamisha maana kati ya wanyama wala nyama, ni la Kibantu tangu zamani. Mwanafunzi wetu hakulikuta katika Kirundi, akaishia hapo. Lakini kutolikuta neno katika nyumba moja si kulikosa katika ukoo mzima.

Neno laki twamwachia mpinzani bila ubishi. Kisanskriti kina laksha, yaani 100,000; kutoka hapo likaja lakh la Kihindi na Kigujarati, na lakh ikavuka bahari pamoja na daftari za mahesabu. Hapo sauti, maana na njia ya safari vyasema neno moja.