Uhakiki wa Istilahi "Mtandao Uliofichwa": Mfano wa Mtumiaji wa Linux Nyakuron, Juba

Utangulizi

Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, mjadala kuhusu Kiswahili mjini Juba umeelekea zaidi kwa walimu na vitabu. Istilahi za kompyuta hazijapewa uzito huo, ilhali ndizo zinazomwongoza mtumishi wa ofisi kila asubuhi. Makala haya yanahakiki istilahi moja, "mtandao uliofichwa", tafsiri ya moja kwa moja ya jina la Kiingereza la mtandao wa Wi-Fi usioonyesha jina lake. Hoja yetu ni kwamba istilahi hiyo inamchelewesha anayetafuta hitilafu, na tena inampa msimamizi imani ya usalama usiokuwapo.

Mtumiaji na hitilafu

Tuchukue mfano wa mwalimu aliyefika katika ofisi moja ya Nyakuron, eneo linalofahamika kwa kituo chake cha utamaduni, akiwa na kompyuta ya Linux. Amepewa jina la mtandao na nywila, lakini jina halionekani katika orodha. Akiambiwa kwamba mtandao "umefichwa", atadhani kuna kizuizi cha kuondoa: atazima na kuwasha kadi ya Wi-Fi, atasakinisha upya programu ya kuiendesha, na siku itapita bure.

Chanzo ni chepesi kuliko anavyodhani. Ruta inaendelea kutuma ishara zake kama kawaida, ila haitaji jina ndani yake. Kompyuta inayongoja kusikia jina haitalisikia; sharti yenyewe iite jina hilo na kusubiri kuitikiwa. Katika NetworkManager, sifa iitwayo hidden huwa imezimwa hadi mtumiaji aiwashe, kwa mfano kwa kuongeza hidden yes katika amri ya nmcli device wifi connect. Katika wpa_supplicant, scan_ssid huwa 0 na inapaswa kuwekwa 1. Katika iwd, amri ni connect-hidden. Zote tatu zina kazi moja: kuiruhusu kompyuta iite.

Jina lazima liandikwe kama lilivyo, kwa kuwa "Ofisi" na "ofisi" ni majina mawili tofauti. Aidha, katika baadhi ya chaneli za gigahezi 5, kanuni za masafa huizuia kompyuta kutuma kabla ya kusikia, hivyo wito huweza usitoke kabisa. Hapo ni busara kujaribu chaneli nyingine katika ruta.

Istilahi na usalama

Mtetezi wa istilahi hii anaweza kusema kwamba inaeleza anachokiona mtumiaji: jina halipo katika orodha, basi limefichwa. Hoja hiyo ina ukweli, lakini inaishia kwenye skrini. Kompyuta inapojiunga na mtandao, jina husafiri hewani bila kufumbwa, na mwenye programu ya kunasa mawimbi hulipata. Isitoshe, kompyuta iliyozoeshwa kuita inaweza kuendelea kuita popote inapowashwa, iwe karibu na soko la Konyokonyo au uwanja wa ndege. Nyaraka za NetworkManager zenyewe zinaonya kuhusu udhaifu huu. Ikiwa mtandao una jina la shirika lenye kazi nyeti, kompyuta ya mtumishi inamtambulisha mwajiri wake kwa wageni. Kilichokusudiwa kuwa siri ya ofisi kimegeuka tangazo la njiani.

Pendekezo

Tunapendekeza "mtandao usiojitangaza". Istilahi hii inataja tendo la ruta, nalo tendo hilo linadokeza wajibu wa kompyuta: asiyejitangaza huitwa kwa jina. Zaidi ya hayo, haiahidi ulinzi. Ulinzi unabaki kwa usimbaji wa WPA2 au WPA3 na nywila imara.

Hitimisho

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba programu huria. Hatua inayofuata ni kupima kila istilahi kwa kile inachomfanya mtumiaji atende. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki inaweza kuweka kipimo hicho katika kazi yake ya usanifishaji, na washauri wa sera mjini Juba wanaweza kuanza na jambo dogo: miongozo ya ofisi isihesabu kuficha jina la mtandao kuwa hatua ya usalama. Neno likirekebishwa leo, mwalimu wetu wa Nyakuron ataokoa siku yake, na shirika lake litaacha kutegemea pazia linalopenya nuru.