Fundi Asiyeandika Msimbo

Mchuuzi wa soko la Custom, jijini Juba, anaweza kuulizwa bei ya mtama na mdadisi mwenye simu, na programu iliyomo ndani ya simu hiyo isiwe imeandikwa na mhandisi yeyote kwa ajili ya soko lile. Maswali yamepangwa na mtumishi wa ofisi katika jedwali la Excel: safu ya aina ya swali, safu ya maneno yatakayosomwa, safu ya masharti. Jedwali hilo likipakiwa kwenye KoboToolbox au ODK hugeuka kuwa programu kamili ya simu. Hupiga picha, hurekodi mahali kwa GPS, huruka maswali yasiyomhusu anayejibu, na huhifadhi majibu mpaka mtandao upatikane. Kazi hii hudharauliwa na pande mbili: wahandisi huiona ni mchezo wa wasiojua kuandika msimbo, na wakuu wa miradi huiona ni ukarani. Mimi naiona ni ufundi kamili. Sehemu ngumu ya programu ya kuwahudumia watu ni kumjua anayeulizwa na mahali anapoulizwa, na zana isiyodai msimbo imeikabidhi sehemu hiyo kwa mtu anayeishi karibu na jambo lenyewe.

Zana hizi zilikomaa katika mazingira yanayofanana na ya Juba. ODK ilianza mwaka 2008, pale Gaetano Borriello, profesa wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, alipotafuta na wanafunzi wake njia ya kukusanya taarifa kwa simu badala ya karatasi. Miongoni mwa walioitumia mapema ni mpango wa AMPATH wa Eldoret, ambao wahudumu wake walipita nyumba kwa nyumba magharibi mwa Kenya wakipima virusi vya UKIMWI. KoboToolbox ilitokana na kazi ya Patrick Vinck na Phuong Pham wa Harvard, waliowahoji raia walioathiriwa na vita, wakiwemo wa kaskazini mwa Uganda na mashariki mwa Kongo. Mdadisi wa maeneo hayo hana uhakika wa mtandao wala umeme, na karatasi zake zikilowa, kazi ya siku nyingi imepotea. Uwezo wa kufanya kazi nje ya mtandao, kwa simu ya bei nafuu, ulidaiwa na njia za huku. Si ajabu basi kwamba Sudan Kusini, ambako mvua hukata barabara nyingi kwa miezi, imezipokea zana hizi kwa mikono miwili.

Tazama swali linaloonekana jepesi kuliko yote: mtama ni bei gani? Masoko ya Sudan Kusini huuza nafaka kwa malwa, chombo ambacho kikijaa mtama hukadiriwa kuwa na kilo 3.5. Fomu mbaya huuliza bei ya kilo, ikamwachia muuzaji hesabu ambayo hajawahi kuihitaji, naye hujibu kwa kukisia. Fomu nzuri huuliza kwanza kipimo anachouzia, kisha bei ya kipimo hicho, halafu inapiga hesabu yenyewe. Lipo na suala la ukomo. Fundi huweka kiwango cha juu cha bei ili sifuri iliyoongezwa kwa bahati mbaya ikataliwe. Lakini Desemba 2015 serikali iliiachia pauni ifuate soko, ikaporomoka kutoka takriban pauni 3 kwa dola hadi zaidi ya 18, na kufikia mwaka 2024 dola moja ilikuwa zaidi ya pauni 1,000. Ukomo uliokuwa wa busara mwanzoni mwa mwaka huweza kuikataa bei ya kweli kabla mwaka haujaisha, na mdadisi aliyebanwa, ili swali linalofuata lifunguke, ataandika uongo. Kwa hiyo fundi mwenye kujua hajengi ukuta. Huandika tahadhari, akaomba uthibitisho, akaacha nafasi ya maelezo. Hilo hulijua aliyenunua unga Juba wakati bei inapanda.

Orodha za mahali ni ushahidi mwingine. Fomu ya Sudan Kusini kwa kawaida huhitaji ngazi nne, yaani jimbo, kaunti, payam na boma, na kila chaguo hufungua machaguo yaliyo chini yake. Nchi ilipopata uhuru Julai 2011 ilikuwa na majimbo 10. Oktoba 2015 Rais Salva Kiir aliamuru yawe 28, Januari 2017 yakawa 32, na Februari 2020 yakarudi 10, pamoja na maeneo matatu ya kiutawala ya Abyei, Pibor na Ruweng. Programu iliyoandikwa na kampuni ya mbali ingedai mkataba mpya kwa kila amri, ilhali kwenye jedwali hubadilishwa mistari ya orodha. Hata hivyo, wepesi huo ni mali ya zana. Cha fundi ni kutambua kwamba mipaka ile ilikuwa sehemu ya ugomvi wa kisiasa nchini, na kwamba kumtaka mtu achague jimbo asilolikubali ni kumtupia swali la siasa kabla ya swali la maji. Cha fundi pia ni kuipa kila payam alama isiyobadilika, ili takwimu za kabla ya amri zilinganishwe na za baadaye. Umakini huohuo unahitajika kwenye umri. Wananchi wengi wa Sudan Kusini wana hati zinazosema walizaliwa tarehe 1 Januari, kwa kuwa ofisi ilidai tarehe na tarehe haikuwepo. Fomu inayolazimisha siku na mwezi hurudia kosa hilo, na ile inayouliza mwaka wa kukadiria, au tukio lililokuwa likiendelea mtoto alipozaliwa, hupata jibu la kuaminika zaidi.

Nalo suala la lugha lina uzito wake. Jedwali huruhusu swali moja liwekwe katika lugha kadhaa, kila lugha na safu yake, na Custom inazihitaji: Kiarabu cha Juba kinachounganisha watu wa makabila mengi, Kibari cha wenyeji, Kidinka, Kinuer, na Kiswahili cha wafanyabiashara kutoka Kenya na Uganda. Kwa sababu mchuuzi husikia swali badala ya kulisoma, sentensi iliyonyooka kwenye karatasi huweza kumchosha mtu sokoni kabla haijafika mwisho. Fundi huisoma kwa sauti, akaikata, akaisoma tena.

Watu watasema huku ni kujaza jedwali, si kuunda programu. Fundi cherehani hafumi kitambaa, na hakuna anayemwambia kwamba hashoni. Hupimwa kwa namna nguo inavyomkaa aliyeivaa. Nakubali kwamba zana hizi zina mipaka. Hakuna atakayejenga huduma ya kutuma pesa kwa safu za Excel, na wanaoandika msimbo wanabaki wa lazima, kwa kuwa wao ndio waliozijenga zana zenyewe. Lakini mgawanyo wa kazi haumshushi yeyote cheo. Wengine watasema anayejenga juu ya jukwaa la watu ni mpangaji, atafukuzwa siku mwenye nyumba akibadilisha masharti. Onyo hilo ni la kweli kwa majukwaa yaliyofungwa. ODK na KoboToolbox, kinyume chake, ni programu huria. Muundo wa jedwali lao ni uleule, faili hubaki mkononi mwa aliyelitengeneza, naye anaweza kulihamishia kwenye jukwaa la Ona lililojengwa Nairobi, au kwenye seva ya shirika lake. Kuchagua zana unayoweza kuiacha ni sehemu ya ufundi.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba wepesi huzaa wingi. Kuongeza swali hakugharimu chochote zaidi ya mstari mmoja, basi fomu hunenepa, na watu walewale huulizwa mambo yaleyale na mashirika tofauti bila kuona faida. Katika nchi iliyopita katika vita vya Desemba 2013 na vya Julai 2016, jina, kabila na nukta ya GPS vikikaa pamoja vinaweza kumfikisha mtu mbaya mlangoni. Mwenye kovu usidhani kapoa: swali moja la ovyo kuhusu aliyepotea linaweza kuuharibu mchana wote wa mtu. Silikani hilo, nalo ndilo linalonithibitishia kwamba huu ni ufundi. Zana hutoa njia za kusimba majibu na kuficha maswali mpaka ridhaa itolewe, lakini haimwambii mtu aache kuuliza. Kupunguza kunabaki juu ya mwanadamu, na fomu ya maswali kumi ambayo kila swali lake linajulikana litafanyiwa nini imemgharimu fundi fikra nyingi kuliko ya maswali mia.

Ikiwa ni hivyo, heshima na malipo vifuate. Vyuo vya Juba, na makundi kama Go Girls ICT Initiative yanayowafundisha wasichana teknolojia mjini humo, yana sababu ya kuufundisha ujenzi wa fomu kama ufundi unaojitegemea, na kuupima mahali unapotumika. Mashirika yaandike jina la mjenzi kwenye fomu kama yanavyoandika jina la mwandishi kwenye ripoti, na fomu ijaribiwe sokoni kabla ya kupitishwa na mkutano. Mchuuzi akilielewa swali mara ya kwanza, akajibu ukweli bila kulazimishwa, na jibu lake likatumika bila kumdhuru, programu hiyo imejengwa vizuri, na aliyeijenga anastahili kuitwa fundi.