Nguzo za Mkunazini na Wanaozipiga Picha

Nimepitia picha nyingi za Kanisa Kuu la Anglikana pale Mkunazini, Unguja: za vitabu vya watalii, za kadi za posta, hadi za mitandaoni. Karibu zote zinarudia vitu vile vile: nguzo, mnara, na sanamu za watumwa uani. Wingi wake haunisumbui. Kinachonisumbua ni hadithi zinayoibeba.

Tuanze na nguzo, zile zilizosimikwa kichwa chini. Maelezo chini ya picha yanajulikana: Askofu Edward Steere alikuwa safarini, mafundi wakazipindua bila kujua. Msomaji anacheka, anafunua ukurasa. Haya, sasa inua kamera juu. Paa lile la upinde limemiminwa kwa matumbawe yaliyopondwa na saruji, na wakati wa ujenzi wapo waliodhani litaporomoka. Kazi ilianza mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, kwenye kiwanja cha soko lenyewe. Paa lipo hadi leo. Mbona basi fundi anatajwa kwenye kosa tu, na paa linapotajwa sifa zote ni za askofu? Ni picha ngapi zimewahi kumtaja fundi chini ya paa?

Steere huyu ndiye aliyekusanya hadithi za Waswahili na kuzichapisha London mwaka 1870, kwa hiyo sisi wapenzi wa fasihi tunamdai zaidi ya jengo. Lakini hata hadithi zile zilikuwa na wasimuliaji. Kumkumbuka mwandishi na kumsahau msimulizi ni mchezo ule ule wa nguzo na paa.

Twende uani. Sanamu za Clara Sörnäs, za mwaka 1998, ni watu watano shimoni, minyororo shingoni. Wapigapicha wengi husimama ukingoni na kuielekeza lenzi chini. Jamani, hilo ndilo jicho la mnunuzi! Anayeona kwa jicho hilo hapati nyuso, anapata vichwa na mabega, kama mtu anayehesabu mzigo. Picha nzuri za sanamu hizi nilizoziona zimepigwa na mtu aliyepiga magoti, lenzi ikashuka. Hapo ndipo unagundua kwamba kila uso una huzuni yake, na kwamba sanamu hizi hazipendezi kirahisi.

Ndani, karibu na altare, sakafuni kuna duara linaloonyesha mahali ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Ni picha ngumu kuipiga, maana duara halina umbo la kuvutia, na ndiyo maana wengi hulipita. Mimi ningependa kuliona duara hilo na paa katika fremu moja, na chini yake maelezo yanayowataja mafundi kwanza.